Dirisha la Nyumba ya Mkwe

Nilitoka Matinyani jua likiwa halijapata makali, peke yangu ndani ya pikapu, na kwenye kiti cha pembeni nimeweka sufuria ya muthokoi iliyofungwa kwa leso. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka ngozi, yakapikwa na maharagwe mpaka yakalegea. Kwetu mgonjwa akikataa kila kitu, hicho hukikubali. Mgonjwa mwenyewe ni binti yangu, kifungua mimba wangu, na anakaa huko chini upande wa Kibwezi, kando ya mto Athi, nyumbani kwa mume wake. Hospitali walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani apumzike. Mtu wa umri wangu akisikia mgonjwa amerudishwa apumzike, haulizi tena.

Mimi nina miaka mingi na madarasa machache. Shule niliiacha darasa la tatu, na herufi zangu mpaka leo zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Lakini majina sisahau. Kutoka kwangu mpaka daraja la Athi naweza kukutajia kila boma na mwenye boma, mke wa kwanza na wa pili, na watoto kwa mfuatano wa kuzaliwa kwao. Hapa sitamtaja mtu. Walio hai wana masikio, na waliokufa wameacha watoto wenye masikio zaidi.

Kuendesha gari nilifundishwa na marehemu mume wangu. Alikuwa amechoka kuamshwa kila mwanamke wa kijijini anaposhikwa na uchungu. Siku moja akanirushia ufunguo, akasema, "Wewe si ndiwe unayeomba nao kanisani? Basi wapeleke." Akanipeleka uwanja wa shule, akanionyesha klachi, akaniambia mwanamke aliyelima kwa ng'ombe dume hawezi kushindwa na chombo kisicho na pembe. Watu walisimama kwenye ua wakicheka. Nilimwangusha jogoo wa mwalimu mkuu, na tangu siku hiyo sijaangusha kitu kingine.

Karibu na mji wa Kitui nilikuta askari wa barabarani. Alikuwa kijana wa kwetu, niliyajua macho yale, ni macho ya babu yake. Akainama dirishani, akaniita Susu, yaani nyanya.

"Susu, unaenda wapi na gari ya mzee?"

"Mzee alienda akaniachia."

"Pole, Susu. Na kioo cha upande huu kiko wapi?"

"Kilimfuata."

Akacheka mpaka akashika kofia. "Haya, endesha polepole. Usishindane na mabasi."

"Mabasi yapite tu. Mimi sina haraka ya kufika."

Alidhani namtania. Nilipotia gia ndipo nikasikia nilichokuwa nimesema. Ilikuwa kweli. Mama anaenda kwa mtoto wake mgonjwa, na mguu wake hautaki kukanyaga mafuta.

Sababu yake ni hii. Nyumba ya binti yangu mimi siruhusiwi kuiingia.

Wakamba wana kitu kinaitwa ntheo. Mwanamume akitaka mke huleta mbuzi kwa wazazi, mmoja anachinjwa siku hiyo hiyo, na pande zote mbili zinamla pamoja. Nyama hiyo ikishaliwa, binti ameolewa, hata kama mengine yote yatachukua miaka. Isipoliwa, hata wakifunga harusi na keki, na picha zikajaa ukutani, kwetu bado ni mtoto wa baba yake aliyekwenda kutembea. Na mama yake haingii nyumba hiyo. Hali pale, halali pale, wala hapiti mlangoni.

Mkwe wangu ni Mwislamu wa mjini Kitui, aliyehamia ukingoni mwa Athi kulima. Mababu zake walipanda kutoka pwani na marobota ya nguo, wakauza, wakajenga, wakazikwa Kitui. Yeye amezaliwa hapa hapa, na Kikamba anakisema kuliko wanangu. Sisi ni watu wa kanisa. Watu walidhani ugomvi utakuwa dini, na kwa dini hakukuwa na ugomvi mkubwa. Mchungaji alinuna wiki chache, halafu akaja kula chapati. Wazee wa pande mbili walikaa wakapatana. Mbuzi wasiwe na kilema. Hema nani ataleta, soda nani ataleta, kina mama wataimba wapi. Kila kitu walikipatana. Kisu hakuna aliyekikumbuka.

Siku yenyewe ilifika. Mbuzi wakashushwa, wakakaguliwa meno na masikio, wakasifiwa. Mume wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyesimama mahali pake ni shemeji yangu, mdogo wake. Akachomoa kisu kwenye koti. Mjomba wa bwana harusi, mtu mpole mwenye kanzu nyeupe, akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Hicho nipe mimi. Sisi hatuli alichochinja mwingine."

Shemeji akakirudisha kisu kifuani. "Hii ni ntheo. Mbuzi akiingia boma hili, koo lake ni letu."

"Basi mchinje nyinyi. Sisi tutakula wali, hakuna ubaya."

"Ntheo si wali! Usipokula nyama hii, msichana hujamchukua."

"Mzee, nitaila vipi?"

Huko nyuma mzee mmoja mwenye mdomo, jina lake ninalo hapa kwenye ulimi, akasema, "Na mbuzi mwenyewe mmemuuliza ni wa kanisa gani?"

Watu wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha kutoa moshi nyumbani. Lakini mjomba alisikia anachekewa Mungu wake. Akasimama, akakung'uta kanzu. Shemeji akaona kanzu inakung'utwa uani mwake, akasimama naye. Mimi nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, vitunguu vimeanza kushika rangi, na mengine yote nilisimuliwa baadaye, mimi nilisikia tu kimya kile. Mwanamke haitwi kwenye mambo ya kisu. Nilipotoka nje, mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya hema anakula maua ya plastiki, na wageni wanatafuta viatu.

Mbuzi walirudishwa kwenye gari. Binti yangu alipanda gari hilo hilo. Hakuuliza mtu. Alinipungia mkono katikati ya pembe.

Nimesikia kuna familia zilizopata njia. Mwislamu anapewa kisu, Wakamba wanashika miguu, na maisha yanaendelea. Ni jambo la kusemezana tu, kabla ya watu kusimama. Wakishasimama mbele ya majirani, nani ataketi kwanza?

Kwa hiyo miaka yote hii binti yangu nimemtembelea ndani ya pikapu. Nafika langoni, napiga honi, yeye anatoka na chupa ya chai, anapanda kiti cha mbele, tunafunga milango. Hiyo ndiyo ilikuwa sebule yetu. Watoto wake niliwashikia hapo, wakichezea usukani, wakinikojolea; sasa wako shule za bweni. Mkwe wangu alipita mbali akitazama chini, na mimi nilitazama dashibodi, kwa sababu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hiyo ni heshima ya kwetu na yeye anaifuata kuliko vijana wa kanisani. Tulisalimiana kupitia kwa binti. Siku moja alisema, "Mwambie Mama, haya maji ya Athi yakishuka yanafika kwa babu zetu, baharini kabisa." Nikajibu, "Mwambie, basi ni sisi tunaowanywesha." Binti alicheka akamwaga chai kwenye gia.

Mambo hayo niliyafikiria nikipita miamba ya Mutomo. Barabara ile sasa ni lami mpaka Kibwezi, nyeusi, imenyooka, na ukiwa peke yako gari inakwenda yenyewe na mawazo yanakwenda yenyewe. Nilipita mashamba ya ndengu yaliyokauka kabla ya kushika maganda. Nilipita mabwawa ya maji, yale madogo ya udongo, yamepasuka kama kisigino. Kila boma nililitaja kwa sauti, ndivyo ninavyofanya njiani ili nisilale. Huyu aliolewa Machakos. Huyu alikufa na mtoto tumboni. Huyu ana ng'ombe mmoja na anamwita jina la mke wa jirani.

Halafu nikamfikiria shemeji. Kabla ya safari hii nilikuwa nimekwenda kwake. Nilimkuta anakarabati jembe.

"Shemeji," nikamwambia, "wacha mbuzi waletwe tena. Kisu ashike yule mjomba. Mtoto anaisha."

Alipiga kabari ya jembe muda mrefu. Yeye si mtu mbaya. Ni yeye aliyembeba binti huyu mgongoni kumpeleka chanjo.

"Mimi sasa sikatai," akasema. "Hata mkono wangu wa kisu umeanza kutetemeka. Lakini fikiri. Nipokee mbuzi wakati amelala kitandani? Watu watasema tumeona anakufa, tukakimbilia nyama. Na yeye akisikia mbuzi wamekuja, atajua tumemkatia tamaa."

"Basi apone kwanza?"

"Apone kwanza."

"Na asipopona?"

Akaweka jembe chini. "Shemeji, usinitoe maneno hayo kinywani."

Na mkwe naye, nilipotuma mtu amuulize, alijibu hayo hayo kwa njia yake. Alisema mbuzi wako tayari, wamefungwa hapo nyuma ya nyumba, lakini akiwatoa leo mke wake atawaona wakipita dirishani, na mke wake si mjinga.

Nikaenda kwa mchungaji. Mchungaji akasema hayo yote yamekwisha msalabani, niingie tu kwa imani. Nikamwuliza yeye ameshalala kwa mkwe wake kule Salama? Akakohoa. Akasema yeye mambo yake ni tofauti kidogo.

Ningekuwa naogopa kwa ajili yangu, ningeingia zamani. Nimezeeka, nikipatwa na kitu nitakuwa nimepatwa. Lakini wazee walisema mila ikivunjwa hivyo, uchafu wake, tunauita thavu, haumshiki aliyevunja. Unamshika mtoto. Nilimwona mwanamke mmoja nikiwa msichana, aliingia kwa binti yake kabla ya ntheo kwa sababu ya mvua, mvua tu, na mjukuu akavimba akafa. Labda ilikuwa ugonjwa mwingine. Siku hizi daktari angeutaja jina. Lakini mimi nilimwona mwanamke yule akitembea na hilo maisha yake yote, na hakuna aliyeweza kumwambia si wewe. Nikiingia na binti yangu akazidiwa kesho yake, nitajiambia nini? Nisipoingia na akazidiwa, nitajiambia nini? Nilizungusha maneno haya kichwani tangu Mutomo mpaka Ikutha, nikajikuta pale pale.

Ukishapita Ikutha na kupanda mgongo wa Yatta, dunia inafunguka. Kule chini unaona mstari wa kijani katikati ya nchi ya kahawia, na huo ndio mto. Nilishuka na gia ya pili, nikavuka daraja, nikaiacha lami, nikashika njia ya mchanga inayofuata ukingo.

Wale waliokwenda Mombasa hunisimulia barabara za pwani, bahari upande mmoja na minazi upande mwingine. Mimi bahari sijaiona. Pwani yangu ni hii. Mto uko mkono wa kushoto, mpana, maji ya rangi ya chai iliyokaa, na katikati visiwa vya mchanga mweupe ambapo ndege wakubwa husimama mguu mmoja kama wanaosubiri kuhojiwa. Mikoma imeinama juu ya maji. Mkono wa kulia ni mashamba ya kumwagilia, vitunguu, nyanya, matikiti yamelala kama watoto walioshiba, na pampu zinanguruma kila mahali. Nyani walikaa kando ya njia wakinitazama napita. Upepo uliingia dirishani ukiwa na ubaridi wa maji.

Ilikuwa asubuhi nzuri. Uzuri wake uliniudhi. Nilitaka kumuuliza Mungu, hii yote ni ya nani leo? Maji yanapita hapa usiku na mchana, hayana mlango, hayana mkwe, na yanafika kwa mababu za watu huko chini bila kuulizwa yameletwa na mbuzi gani. Na mimi mwenye miguu miwili siwezi kuvuka kizingiti cha saruji.

Nilipofika langoni sikupiga honi. Mkwe alikuwa ameshaisikia gari. Alifungua, akasimama akitazama magurudumu yangu, na leo ilibidi tusalimiane wenyewe.

"Karibu, Mama."

"Tumefika. Mgonjwa ameamkaje?"

"Ameamka. Lakini jana hakuweza kukaa."

"Basi mwambieni nipo hapa garini. Aje polepole, mumshike."

Niliitazama dashibodi. Nilikuwa nimeihamisha sufuria kwenye sakafu, nikakipangusa kiti cha mbele, nikatandika leso safi.

"Mama," akasema, "hawezi kuja."

Nilijua. Nilijua tangu nyumbani, na bado nilikuwa nimetandika ile leso.

"Nimesogeza kitanda dirishani," akasema tena, kwa sauti ya chini kama anayeomba msamaha. "Upande wa nyuma. Kuna kivuli."

Nikashuka. Alikuwa amefagia pale nyuma, akanyunyiza maji vumbi lisiamke, akaweka kiti cha plastiki chenye mto. Angekuwa mtu mbaya, ningepata pa kuweka hasira yangu. Dirisha lilikuwa wazi, na lilikuwa na grili, vyuma vilivyopakwa rangi ya maziwa. Ndani yake, karibu kabisa, uso wa binti yangu ulikuwa umelala ubavu kwenye mto. Umekuwa mdogo. Umerudi kuwa ule wa alipokuwa anang'oka meno.

"Mama, hiyo gari nimeisikia tangu Ikutha."

"Unaona? Haihitaji honi."

"Ingia basi, mbona umesimama nje kama mdai."

"Mwanangu."

"Nakutania."

"Usinitanie hivyo."

"Sasa nimtanie nani? Huyu wa ndani siku hizi haeleweki. Anamenya vitunguu analia, na nikiangalia, kitunguu hakuna."

"Nakusikia," mkwe akasema kutoka jikoni.

"Si ndiyo nataka usikie!"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikapitisha mkono kwenye vyuma. Mkono wangu ni mwembamba sasa, uliingia wote mpaka begani. Nikamshika paji la uso. Lilikuwa na moto. Sijui kama mkono una mila. Hakuna mzee aliyewahi kunieleza kuhusu mkono.

Sufuria haikupita kwenye grili. Ilibidi mkwe aizungushe, aipitishe mlangoni, aje aishike karibu na kitanda huku amegeuza uso kabatini, na mimi nichote kwa kijiko kutoka upande wangu wa vyuma. Tukamlisha hivyo, mama yake na mume wake, hakuna anayemtazama mwenzake. Kijiko kiligonga chuma, maharagwe mengine yakaangukia shuka. Alikula kidogo. Akasema chumvi imetosha. Alikuwa anasema uongo, hakuwa anaonja kitu, niliona alivyomeza.

Mkwe alipotoka, binti akasema, "Nipe habari za njiani. Nani umempita?"

Nikampa. Nikamwanzia getini kwetu nikamtajia boma kwa boma, nani amepaka nyumba rangi, nani ameuza ng'ombe, nani amegombana na mke wake akahamia kwenye ghala na redio. Alifumba macho anasikiliza. Kila nikiruka mtu alinisahihisha.

"Umemruka yule wa karibu na kisima."

"Huyo siongei naye."

"Mtaje tu."

Nikamtaja.

Kisha akasema, "Miguu yangu ina baridi. Nisugulie, Mama."

Nikanyoosha mkono. Ulifika kiunoni. Nikaegemea grili kwa bega lote, shavu langu limebanwa kwenye chuma, vidole vikitafuta, vikafika pajani na vikaishia hapo. Alijaribu kuvuta magoti yaje kwangu, hakuweza. Nikabadilisha mkono. Wa kushoto ni mfupi zaidi. Nilimzaa mimi. Miguu ile niliipaka mafuta kabla haijajua ardhi.

"Wacha, Mama. Utaumia."

"Ngoja kidogo."

"Wacha tu."

Akamwita mume wake. Aliingia, akakaa mwisho wa kitanda, akafunua shuka. Ikabidi nigeuze uso, kwa sababu mama mkwe hatazami kitanda cha binti yake na mume. Nikatazama ukuta, njia ya udongo ya mchwa ikipanda kwenye plasta. Mkono wangu ulibaki ndani umemshika bega, na nikasikiliza mikono ya mtu mwingine ikisugua miguu ya mtoto wangu, shaa, shaa, polepole. Anajua kusugua. Alikuwa anafanya vizuri kuliko ambavyo ningefanya.

Alipomaliza akatoka. Nikadhani binti amelala.

"Mama."

"Naam."

"Nikifa, utaingia?"

"Usiseme maneno hayo."

"Nauliza tu. Kwa sababu wakati huo mimi sitakuona."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza mvua itanyesha lini. Nilimpapasa nywele. Akashika kidole changu kimoja, hivyo hivyo akalala, na mimi nikasimama pale bega ndani ya chuma mpaka likafa ganzi. Kuna wakati nilitazama mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi. Pazia lake lilikuwa linaingia na kutoka na upepo.

Mkwe alikuja akasimama mbali. "Mama, jua linaelekea kuzama. Macho yako na giza."

Ni kweli, mimi usiku sioni barabara, na nyumbani kuna ng'ombe wanaongoja maji. Nikauchomoa mkono. Ulikuwa na mistari ya rangi ya maziwa kutoka kiwiko mpaka begani.

"Mtamwambia nimekwenda," nikasema.

"Nitamwambia."

"Mtamwambia nimekaa mpaka amelala."

"Mama, anajua."

Nikageuza gari. Kwenye njia ya ukingoni mto sasa ulikuwa mkono wa kulia, na maji yalikuwa yameshika jua, yanang'aa mpaka nikashusha kile kibao cha kukinga macho. Wanawake walikuwa wanaosha vitunguu ukingoni. Walinipungia, nikapunga. Sikutaja jina la mtu yeyote kwa sauti.

Karibu na daraja simu ikalia, binti ameamka. Nikasimamisha gari kando, kwenye mchanga, chini ya mkoma.

"Mama, umefika wapi?"

"Darajani."

"Kumbe bado karibu." Akapumua. "Maji yapo?"

"Yapo. Yamepungua, lakini yapo."

"Viboko wametoka?"

"Naona pua moja. Labda ni jiwe."

"Ni kiboko. Hapo hukaa mkubwa."

Hakukata simu, na mimi sikukata. Nilimsikia anavyovuta hewa, inakwama mahali, inapita. Nikaongeza sauti nikaiweka simu pale kwenye kiti cha pembeni, juu ya leso. Ng'ambo ya daraja ni mlima wa Yatta, na ukianza kuupanda tu mtandao unapotea mpaka Ikutha. Kila anayepita njia hii anajua. Nyuma yangu, si mbali, palikuwa na lango ambalo ningerudi na kufunguliwa, nikaribishwe mpaka dirishani.

Basi la Mombasa likapita kwenye lami na taa zimewashwa. Jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya mikoma.

"Mama, bado uko?"

"Niko."

"Si uende. Utashikwa na giza."

"Naenda," nikasema.

Nilishika ufunguo. Alivuta hewa, nikasubiri ipite, ikapita. Nikasubiri nyingine.